Namna ya Kuisoma Nyumba Kuu ya Mawe ya Lamu

Mtu anayepita vichochoro vya Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Lamu, kwa mara ya kwanza huona kuta ndefu za chokaa iliyopauka, matundu machache ya hewa karibu na dari, na mlango uliorudishwa nyuma kati ya baraza mbili. Haoni kitu kinachomwambia kwamba nyuma ya ukuta huo huenda kuna chumba ambacho upande wake mmoja wote, kutoka sakafuni hadi karibu na boriti, umejengwa vidaka, yaani vishubaka vya ukutani vya kuwekea vitu, safu juu ya safu, kila kimoja kikiwa na ukingo wa nakshi za chokaa zilizokatwa kwa mkono. Ufahari wa nyumba hizi ulielekezwa ndani tangu siku ya kuweka msingi. Anayeanza kuisoma nyumba kutoka nje atakosea umri wake, atakosea matumizi ya vyumba vyake, na mara nyingi atakosea hata mwenyewe alikuwa nani.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuichunguza nyumba moja ya namna hiyo kwa uangalifu na kuandika anachokiona: mwanafunzi wa historia au wa ujenzi, kijana anayetembeza wageni mjini na anayetaka kujua zaidi ya maneno aliyoyakariri, au mrithi aliyeachiwa nyumba na wazee wake na ambaye angependa kujua ana nini mkononi kabla ya kumwita fundi. Hauhitaji elimu ya usanifu majengo. Unahitaji subira, na siku mbili au tatu zisizo na haraka.

Kabla ya kubisha hodi

Anza na nyumba ambayo huhitaji kumwomba mtu ruhusa ya kuingia chumbani kwake. Walioko upande wa Malindi wana bahati ya kuwa karibu na Gedi, mji uliohamwa mwanzoni mwa karne ya 17 na ambao uchimbaji wake ulianza mwaka 1948 chini ya James Kirkman. Mapaa ya nyumba za Gedi yaliporomoka zamani na kuta nyingi zimebaki nusu, kwa hiyo mpango wa vyumba unaonekana kutoka juu kama mchoro uliotandazwa chini: ua, kisha chumba kirefu chembamba, kisha vyumba vingine nyuma yake. Tembea humo na uchore nyumba moja tu kwa hatua za miguu yako. Utakapofika Lamu utaukuta utaratibu uleule ukiwa na paa juu yake na watu ndani yake, ingawa kati ya nyumba hizo mbili pana karne kadhaa.

Mjini Lamu penyewe, nenda kwanza kwenye nyumba ya karne ya 18 ambayo Makumbusho ya Taifa ya Kenya iliikarabati na kuifungua ili wageni waone maisha ya ndani ya Mswahili wa zamani. Usipite tu na kupiga picha. Kaa kitako katika kila chumba kwa dakika kumi, uangalie mwanga unatoka wapi na unafika wapi, kwa sababu mwanga ndio utakaokufundisha mpango wa nyumba upesi kuliko mchoro wowote.

Vifaa ni vichache. Chukua futi kamba ya mita 5 kwa vyumba na nyingine ndefu kwa ua, timazi ya kujua ukuta umeinama kiasi gani, dira, tochi, penseli na karatasi za miraba. Kamera ya simu inafaa, lakini iache mfukoni mpaka uwe umekwisha kuchora. Jicho linalojua kwamba picha itapigwa baadaye huwa halitazami vizuri.

Jambo jingine la kubeba ni historia ya mji kwa muhtasari, ili ujue ni mabadiliko gani ya kuyatafuta ukutani. Nyumba kuu nyingi zilizosalia Mkomani ni za karne ya 18 na nusu ya kwanza ya karne ya 19, wakati Lamu ilipokuwa ikipeleka pembe za ndovu, ngozi na boriti za mikandaa, yaani mikoko, Uarabuni na Bara Hindi, na mashamba ya bara yalipokuwa yakilimwa kwa mikono ya watumwa. Karibu na mwaka 1813 watu wa Lamu waliyashinda majeshi ya Pate na ya Wamazrui wa Mombasa katika vita vya Shela, wakaomba ulinzi wa Sayyid Said wa Omani, na ngome kubwa iliyo katikati ya mji ikakamilika mwaka 1821. Ngome hiyo ilitazamana na maji. Leo imezuiwa na safu ya majengo, maana katika karne ya 19 mji ulijisogeza mbele juu ya ufuo uliojazwa, na majengo hayo mapya yalikuja na matao, veranda na madirisha yanayotazama bahari, mtindo ambao nyumba ya kale ya Mkomani haiujui kabisa. Kisha utumwa ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1907, mashamba yakakosa watu wa kuyalima, na familia nyingi zikashindwa kuzitunza nyumba zilizojengwa kwa utajiri huo. Ukijua hayo, utaelewa kwa nini nyumba moja inaweza kuwa na nakshi za kifalme ndani na ukuta wa nyuma uliozibwa kwa haraka kwa mawe yasiyopangwa.

Adabu ya kuingia

Nyumba hizi zinakaliwa. Usifike mlangoni na futi kamba mkononi. Tafuta mtu wa mtaa anayejulikana na familia akupeleke, toa salamu, piga hodi, na usipojibiwa mara ya tatu rudi siku nyingine. Mwenye nyumba mzee muite Mzee, au Maalim kama ndivyo mtaa unavyomuita. Mama mwenye nyumba muite Bi au Mama, kamwe usimtaje kwa jina tupu. Ukiletewa kahawa na halua, kunywa na kula kwanza, na usianze kupima mpaka kikombe kirudi.

Ukiwa mwanamume, usitarajie kupelekwa hadi chumba cha mwisho katika nyumba yenye familia. Nenda na dada yako, mkeo, au mwenzako wa kike anayejua kupima, umwachie yeye sehemu ya ndani, nawe ubaki barazani ukichora kibaraza na mlango. Hili linakupa pia somo la kwanza la usanifu wa nyumba, kwani mahali utakaposimamishwa ndipo mjenzi alipokusudia mgeni wa aina yako asimame. Liandike katika mchoro wako.

Daka, mlango na tarehe

Sehemu ya kwanza ya nyumba ni daka, kibaraza kilichofunikwa na kuingizwa ndani ya ukuta, chenye baraza za mawe zinazotazamana. Hapo ndipo mwenye nyumba alipokaa jioni, akapokea watu wa biashara na wa shida ndogondogo bila kuwaingiza ndani. Pima kina cha daka na urefu wa baraza, na uangalie mawe yamelika wapi. Baraza iliyolika upande mmoja tu hukuonyesha kivuli cha alasiri kilikuwa wapi kabla nyumba ya jirani haijaongezwa orofa.

Kisha mlango. Una mbao mbili, na katikati yake una mfaa, nguzo iliyopigiliwa kwenye ubao mmoja ambayo hufunika pengo milango inapofungwa. Tazama nakshi za mfaa, za miimo miwili ya pembeni na za kizingiti cha juu, ukizichora kila moja peke yake kwa sababu si lazima ziwe za mkono mmoja. Milango ya visiwa vya Lamu iliyo ya kale zaidi huwa na nakshi za mistari, miraba na nyota zilizokatwa kwa kina kifupi, ilhali ile yenye maua mazito yaliyoinuka, minyororo ya mbao kuzunguka miimo na vizingiti vilivyojaa majani inafuata zaidi mtindo ulioshamiri Unguja katika karne ya 19. Misumari mikubwa ya shaba nayo inakumbusha uhusiano na Bara Hindi.

Hapa nataka kumtahadharisha msomaji kwa jambo lililonipata. Niliwahi kuikadiria nyumba moja ya Mkomani kwa kuutazama mlango wake, nikaandika kwamba ni ya mwisho wa karne ya 19, nikaenda zangu nikiwa nimeridhika. Miezi michache baadaye bibi wa nyumba ile alinieleza kwa upole kwamba mlango ule uliletwa kutoka nyumba nyingine baada ya ule wa asili kuliwa na mchwa, na kwamba yeye mwenyewe akiwa msichana aliwaona mafundi wakipunguza miimo ili ienee. Niliporudi kutazama, alama za kupunguzwa zilikuwa wazi: nakshi za pembeni zilikatika katikati ya ua. Mlango ni kitu kinachouzwa, kinachorithiwa na kinachohama. Usiutumie kuipa nyumba umri mpaka uwe umehakikisha kwamba nakshi zake zinakamilika kwenye pembe na kwamba chokaa iliyouzunguka ni ileile ya ukuta.

Ukikuta tarehe iliyochongwa, kwenye mlango, msikitini au kaburini, huenda ni ya Hijria. Kuigeuza kwa makadirio si kazi: gawanya mwaka wa Hijria kwa 33, toa jibu katika mwaka huo huo, kisha ongeza 622. Kaburi lenye tarehe lililoko Gedi limeandikwa mwaka 802. Ukigawanya 802 kwa 33 unapata 24 na kitu. Ukiitoa unabakiwa na 778 hivi. Ukiongeza 622 unafika karibu na 1400, na tarehe inayotajwa ni 1399. Hesabu hii inaweza kukupeleka mbele au nyuma kwa mwaka mmoja, jambo ambalo kwa nyumba halidhuru.

Kutoka tekani hadi ndani

Ukivuka mlango unaingia tekani, ukumbi mdogo wa kupokelea ambao karibu kila mara unakulazimisha kugeuka kabla ya kuona ua. Simama katikati ya mlango uliofunguliwa na utazame: kama unaona moja kwa moja hadi vyumba vya ndani, basi ukuta fulani umebomolewa, maana hakuna mjenzi wa zamani aliyeacha mpita njia aone familia. Tafuta alama ya ukuta huo sakafuni. Mara nyingi utaiona kama mstari ambapo sakafu ya chokaa imebadilika rangi.

Tekani hufungukia kiwanda, yaani ua ulio wazi juu. Usidanganywe na matumizi ya leo ya neno hilo; hapa hapatengenezwi bidhaa. Kiwanda ndicho taa na pumzi ya nyumba nzima, na vyumba vyote vikuu vinapata mwanga kupitia kwacho tu. Toa dira uangalie vyumba hivyo vinaelekea wapi. Kibla cha Lamu kiko karibu kaskazini kabisa, na katika nyumba nyingi za kale vyumba vimepangwa sambamba, kimoja nyuma ya kingine, vikiutazama ua kuelekea upande huo. Nyumba ikipinda sana kutoka mwelekeo huo, chunguza kama ilibanwa na njia au na nyumba iliyotangulia.

Kando ya kiwanda, au juu yake kwa ngazi inayoanzia karibu na tekani, huwa pana sabule, chumba cha mgeni wa kiume. Fuata njia ya mgeni huyo kwa miguu yako kutoka mlangoni hadi kitandani pake na chooni, na uhesabu ni mara ngapi angekutana na wanawake wa nyumba. Katika nyumba ambayo haijavurugwa jibu huwa ni hata mara moja. Mfanyabiashara aliyekuja na kaskazi na kungoja kusi angeweza kulala humo miezi kadhaa bila kuijua sura ya mke wa mwenyeji wake.

Sasa ingia katika moyo wa nyumba. Kutoka kiwandani unapanda kidaraja uingie msana wa tini, chumba kirefu kilicho wazi upande wa ua. Nyuma yake pana msana wa yuu, na nyuma ya huo pana ndani. Wageni wa bara husikia maneno tini na yuu, ambayo kwa Kiamu, yaani Kiswahili cha Lamu, ni chini na juu, wakadhani yanahusu orofa. Sivyo: misana yote miwili iko kwenye orofa moja, lakini kila unapoingia ndani zaidi sakafu inainuka kwa kidaraja kimoja, na kwa kila kidaraja chumba kinakuwa na giza zaidi, ubaridi zaidi na heshima zaidi. Pima kila kidaraja. Pima pia urefu wa dari katika kila chumba, kwa sababu fundi aliyeinua sakafu bila kuinua dari alikuwa na lengo tofauti na yule aliyeinua vyote viwili.

Ukipima upana wa vyumba hivi utashangaa kuona jinsi vinavyokaribiana: mara nyingi kati ya mita 2.5 na 3, hata katika nyumba ya tajiri mkubwa. Sababu ni boriti. Dari ya nyumba ya mawe inabebwa na magogo ya mikandaa yaliyolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na gogo lililonyooka na lenye nguvu ya kubeba mawe na chokaa halina urefu wa kuvuka zaidi ya hapo. Mwenye mali aliweza kuongeza urefu wa chumba apendavyo, akaongeza vyumba, akaongeza orofa, lakini upana aliugawiwa na mti uliokatwa katika mikono ya bahari ya visiwa hivi. Ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba kama jahazi. Ukikuta chumba chenye upana wa mita 4 au 5, angalia juu: ama kuna boriti za chuma au zege, ama mbao za kuagizwa, ama kuna ukuta uliotolewa na nguzo iliyowekwa mahali pake, na yote hayo ni ya baadaye.

Zitazame boriti zenyewe kwa tochi. Katika vyumba vya kawaida ni za mviringo, zimebanduliwa ganda tu. Katika vyumba vya heshima zimechongwa pande nne, na katika nyumba nyingine zilipakwa rangi ambayo bado unaweza kuiona kwenye pembe ambapo moshi na chokaa havikufika. Hesabu boriti za chumba kizima na uandike zipi ni mpya. Boriti mpya tatu zinazofuatana pale juu ya choo au chini ya mlizamu zinakueleza maji yalikuwa yakipenya wapi.

Nilisema nyumba hizi humfanya mtu akosee hata mwenyewe alikuwa nani, na jibu liko katika chumba cha ndani. Hapo ndipo penye ukuta wa zidaka, kama wenyewe wanavyoviita vidaka. Tungo za kale za Pate zinazolilia majumba yaliyoanguka zinataja sahani zilizokuwa zikipangwa humo, na sahani hizo nyingi zilitoka China kwa njia ya bahari. Mama alijifungulia katika chumba hiki au karibu nacho, na maiti wa nyumba alioshwa humu kabla ya kutolewa. Bibi harusi alionyeshwa kwa wanawake wenzake akiwa na ukuta huu nyuma yake. Kwa waungwana wa Lamu ilikuwa desturi baba kumjengea binti yake nyumba, au kumwongezea orofa juu ya nyumba ya wazazi, ili aolewe humo na mume ahamie kwake. Kwa hiyo unapoambiwa nyumba hii ilikuwa ya bwana fulani, uliza nyumba hiyo aliijengewa nani. Mara nyingi utaambiwa jina la mwanamke, na historia yote ya ujenzi itapangika upya: orofa ya pili iliongezwa mwaka alioolewa mdogo wake, na ule mlango uliozibwa ukutani ulikuwa wa kupitia kwa dada yake.

Toka nje uutazame wikio, daraja lililojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili zinazotazamana. Mgeni huona ni pambo la mtaa. Lilikuwa ni chumba cha ziada juu ya ardhi ya watu wote, na pia njia ya wanawake wa ukoo mmoja kutembeleana bila kushuka barabarani. Chora nyumba zote mbili pamoja unapokuta wikio, hata kama leo zina wenyewe tofauti na milango imepigwa ukuta.

Unapozichora zidaka, usitosheke na idadi. Andika zile za katikati na zile za pembeni zinatofautiana vipi kwa ukubwa, uone nakshi zinarudiwa kwa mpango gani, na uguse kwa ncha ya kidole tu. Nakshi hizi zilikatwa kwa kisu katika lipu ya chokaa kabla haijakauka kabisa. Fundi hakuwa na nafasi ya kurekebisha kosa, na ukitazama kwa karibu utaona mahali mkono ulipoteleza na alivyouingiza mteguko huo ndani ya umbo lililofuata.

Choo, maji na vyumba vya chini

Usiruke choo. Katika nyumba kuu kilijengwa kwa ustadi sawa na vyumba vingine: shimo refu lenye kifuniko cha jiwe lililochongwa, birika la maji la chokaa, na wakati mwingine zidaka na nakshi kama za ndani. Tazama chini ya birika. Huenda ukakuta bakuli la kaure limejengewa hapo chini kabisa. Samaki wadogo walifugwa ndani ya birika ili wale viluwiluwi vya mbu, na maji yalipopungua bakuli lile lilibaki na kina cha kuwahifadhi. Maji yenyewe yalitoka visimani, na visima vya mji vinalishwa na mvua inayohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Ndiyo sababu watu wa Lamu wanaogopa sana vilima hivyo visijengwe.

Katika nyumba za orofa, sehemu ya chini mara nyingi ilikuwa ya bidhaa na ya watumwa, na familia ilikaa juu. Vyumba hivyo vya chini havina zidaka, dari zake ni fupi, na lipu yake ni ya haraka. Viandike kwa makini uleule. Waliochimba mawe, waliochoma chokaa, waliobeba boriti na waliopika walipita humo, na kumbukumbu nyingine ya kazi yao ni chache mno. Uliza habari zao kwa heshima, pasipo watu wengi, kwa sababu katika mji mdogo wajukuu wa pande zote mbili wanasali msikiti mmoja.

Jiko lilikuwa juu kabisa, darini, ili moshi na hatari ya moto vikae mbali. Dari ya asili ilikuwa tambarare, ya mawe madogo na chokaa iliyopondwa kwa siku nyingi mpaka ikashikana. Paa la makuti unaloliona leo juu yake, lenye kombamoyo na fito, mara nyingi ni nyongeza, na kama limeondolewa na kujengwa chumba cha matofali kwa ajili ya wageni wa kulala, nenda chini yake uzitazame boriti kabla ya kitu kingine chochote. Hazikupimwa kwa uzito huo.

Kuzijua kuta

Kuta zina unene wa karibu nusu mita, takriban dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mafundi walipima kwa dhiraa, shubiri na pima, kwa hiyo baada ya kupima kwa mita jaribu kuvigawa vipimo vyako kwa dhiraa uone kama namba zinatoka nzima. Jiwe la ukuta ni la matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba, ambayo mengi yalichimbwa kisiwa cha Manda. Kwa kazi nyembamba kama matao na pembe za zidaka walitumia tumbawe lililotolewa baharini likiwa bichi, ambalo huchongeka kwa urahisi na kukazana likikauka. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayohayo katika tanuu la magogo, kisha kuyazima kwa maji na kuyaacha yakae.

Ukuta wa namna hii unapumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hutoka taratibu kupitia lipu laini ya chokaa. Hapa ndipo ukarabati mwingi wa siku hizi unapoharibu nyumba kwa nia njema. Lipu ya saruji ni ngumu na haipitishi unyevu, kwa hiyo maji yanabaki nyuma yake, chumvi inajikusanya, na baada ya miaka michache jiwe linakuwa unga huku uso wa saruji ukionekana mzima. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole kutoka chini kwenda juu. Mlio mzito unaonyesha lipu imeshikana na jiwe, na mlio mtupu unaonyesha imeachana nalo. Kwaruza kidogo mahali pasipoonekana: chokaa huacha unga mweupe kwenye ukucha, saruji haiachi kitu. Weka alama za sehemu za saruji kwenye mchoro kwa rangi tofauti, na umwambie mwenye nyumba waziwazi, kwa sababu hapo ndipo pesa zake za kwanza zinapaswa kwenda. Kabla hajabomoa lolote aende ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho mjini. Mji wa Kale unalindwa kisheria tangu mwaka 1986, na uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001.

Karatasi na kauli za wazee

Baada ya mawe, uliza karatasi. Nyumba nyingi ni za mirathi, nyingine ni wakfu, na hati ya wakfu hutaja mipaka ya nyumba kwa majina ya majirani wa wakati huo. Majina hayo ya majirani ni hazina, maana kwa kuyafuata kutoka hati moja hadi nyingine unaweza kuujua mtaa mzima ulikuwaje. Naomba tu usipige picha ya hati bila ruhusa, wala usiandike majina ya walio hai pamoja na hisa zao. Kauli za wazee ziandike kama walivyozisema, kwa Kiamu chao, na kila moja iwe na jina la chumba kilichokuwa kikizungumziwa. Kauli isiyofungwa na mahali ni vigumu kuilinganisha na ukuta.

Ukimaliza, kaa na mchoro wako ujumlishe. Chukua upana wa kiwanda, wa misana miwili na wa ndani, ongeza unene wa kila ukuta ulioupima milangoni, kisha ulinganishe na kipimo cha nyumba ulichokichukua njiani. Tofauti ya sentimita 10 au 20 ni ya kawaida, kwa kuwa hakuna ukuta ulionyooka kabisa. Tofauti ikifika mita moja au zaidi, rudi na tochi. Gonga ukuta wa nyuma wa ndani kwa utaratibu, dhiraa kwa dhiraa, na umwite mwenye nyumba awe pamoja nawe utakapousikia mlio ukibadilika.